Baba anauliza: Mungu anajua nini kuhusu kuoshwa?

BARUA

Shikamoo Mama Mchungaji,

Nakuandikia usiku, baba amelala. Alipatwa na kiharusi, na upande wake wote wa kulia umelegea. Maneno yanamtoka nusunusu, lakini akili yake ni timamu kabisa. Baba alikuwa mzee wa kanisa kwa miaka mingi. Ndiye aliyenifundisha kusali, na ndiye aliyetusomea Neno kila usiku kabla hatujalala.

Mimi ndiye ninayemuuguza. Kaka zangu wanatuma fedha na kupiga simu, ila kazi ya mikono ni yangu. Namlisha, namwosha, nambadilisha nepi, namgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya mgongoni. Unajua mwenyewe, Mama, ilivyo vigumu binti kumvua baba yake nguo. Kila ninapomwosha hufumba macho na kugeuzia uso ukutani mpaka nimalize.

Asubuhi moja nilikuwa nampangusa mgongo huku naimba taratibu wimbo wa tenzi anaoupenda. Akanipungia mkono wake mzima ninyamaze. Kisha akasema, kwa shida sana, “Mungu anajua nini kuhusu kuoshwa?” Sikuwa na la kujibu. Nikasuuza kitambaa, nikaendelea.

Tangu siku hiyo hataki kuombewa. Kikundi cha maombi kilikuja kumwona, na mmoja wao akamwambia aungame dhambi aliyoificha ili apone. Baba alilia machozi. Nilipomsimulia mwenzangu wa kwaya, nikamwambia kwamba angalau Yesu naye aliteseka. Akanijibu: “Lakini Yesu alikuwa Mungu. Alijua siku ya tatu atafufuka. Baba yako hajui kama atanyanyuka tena. Si kitu kimoja.”

Maneno hayo yamenikaa moyoni, hayatoki. Nikiyapima naona kama ana haki. Ikiwa Yesu ni Mungu kweli, basi mateso yake yanaonekana kama maigizo tu, maana Mungu ataumizwaje? Na ikiwa alikuwa mtu kama baba, mtu wa kuogopa na kuchoka, basi kwa nini namwabudu? Tena hakuzeeka. Hakupooza. Nimeimba “Mungu alifanyika mtu” tangu utotoni, na sasa sijui nilikuwa naimba nini.

Nimjibu nini baba? Na mimi nishike nini?

Binti anayeuguza

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole na uuguzaji, na pole kwa usiku unaokesha.

Baba yako hajakufuru. Aliyeacha kuamini hasumbuki kuuliza Mungu anajua nini. Anayeuliza hivyo ni mtu aliyetembea na Mungu siku nyingi na sasa anamdai jibu. Ayubu, akiwa na majipu mwili mzima, alimwuliza Mungu swali linalokaribiana sana na hilo: je, una macho ya nyama wewe, unaona jinsi mwanadamu aonavyo? Liko katika Ayubu 10:4. Na mwisho wa kitabu, Mungu anasema ni Ayubu aliyenena yaliyo sawa, wala si wale rafiki zake waliokuja kumtafutia dhambi. Hilo la rafiki zake nitalirudia.

Jibu la Injili kwa Ayubu na kwa baba yako ni hili: sasa Mungu anayo macho ya nyama. “Naye Neno alifanyika mwili, akakaa kwetu.” Wako watu wanaomcha Mungu kwa moyo wote ambao kwao jambo hili haliwezekani, kwao Mungu aliyetukuka hali, halali, wala haguswi na mikono ya mtu. Nawaheshimu, na naelewa kinachowazuia. Lakini sisi Wakristo tunakiri kwamba yule aliyetukuka alitaka kuguswa, na akaguswa.

Mwili alioutwaa ulianza kwa kuhudumiwa. Luka anasema Mariamu alimzaa mwanawe, akamvika nguo za kitoto, akamlaza horini. Kila Krismasi tunapita hapo mbio kuwafikia malaika na wachungaji. Kaa hapo kidogo, wewe ambaye mikono yako inaijua kazi hiyo. Mtoto mchanga hawezi kuishika shingo yake. Hasemi anachotaka, analia tu na wengine wabahatishe. Hulishwa, husafishwa, hugeuzwa. Yule ambaye kwa yeye vitu vyote vilifanyika alikaa mikononi mwa mama kijana, akamtegemea kwa kila kitu.

Baba anaweza kusema: hayo ni ya mtoto, na mtoto haoni haya, mimi ni mtu mzima. Ni kweli. Basi nenda naye mpaka Yohana sura ya 19. Askari walimvua Yesu mavazi, wakayagawa mafungu manne, na kanzu wakaipigia kura. Maana yake ni kwamba aliyekuwa juu pale alikuwa amevuliwa mbele ya watu, mama yake akiwa amesimama karibu. Mikono yake isingeweza hata kumfuta jasho usoni. Kisha akasema, “Naona kiu.” Hakuweza kujinywesha. Ilibidi mtu mwingine achovye sifongo katika siki, aiweke juu ya hisopo, aifikishe kinywani pake. Mwanangu, wewe unajua kumnywesha mtu mzima ambaye mikono haimtii: kungoja ameze, kufuta kinachotiririka kidevuni. Mungu alifika hapo. Na alipokwisha kufa, Yusufu wa Arimathaya na Nikodemo waliuchukua mwili wake wakauzungushia sanda pamoja na manukato. Mikono ya watu ilimpokea alipozaliwa na mikono ya watu ikamlaza alipokufa.

Kwa hiyo ukiulizwa Mungu anajua nini kuhusu kuoshwa na kuonewa aibu ya mwili, unaweza kujibu bila kusitasita. Anajua kwa kuwa yamempata.

Sasa huyo mwenzako wa kwaya. Nadhani alitaka kukutetea wewe na baba yako dhidi ya faraja za juujuu, na kwa hilo simlaumu. Lakini hoja yake haisimami. Ni kweli Yesu aliwaambia wanafunzi, zaidi ya mara moja, kwamba atauawa na kufufuka. Kujua mwisho hakuondoi maumivu yaliyo kabla yake. Usiku ule ule wa kukamatwa mwenyewe alitoa mfano wa mwanamke anayejifungua: amehesabu miezi, anajua mtoto yuko njiani, na bado saa yake ikifika anapiga kelele. Hakuna mkunga atakayemwambia anaigiza.

Angalia alivyokuwa Gethsemane. Marko anaandika kwamba alianza kufadhaika sana na kuhangaika, akawaambia rafiki zake kuwa roho yake ina huzuni kiasi cha kufa, akaanguka kifudifudi, akaomba kikombe kimwondokee. Waebrania 5:7 inaongeza kwamba alitoa maombi kwa kulia sana na machozi. Mtu anayeigiza hawaombi rafiki zake wakeshe naye, kisha akarudi mara tatu kuwakuta wamelala.

Kanisa limeulizwa swali lako kwa karne nyingi, na watu wamelipa gharama kubwa kulijibu. Mapema kabisa walikuwako waliofundisha kwamba Kristo alionekana tu kama mtu, hakuwa na mwili wa kweli. Waraka wa kwanza wa Yohana unawapinga waziwazi. Miaka michache baadaye Ignatio, askofu wa Antiokia, akipelekwa Roma kuuawa huku amefungwa minyororo, aliwaandikia Wakristo wa Smirna akiuliza: ikiwa Bwana aliteseka kwa kuonekana tu, basi mimi nimefungwa kwa nini? Naamini baba yako angemwelewa mzee huyo.

Lakini anayenigusa zaidi ni mtawa mmoja wa karne ya 7, Maksimo, ambaye Kanisa linamwita Muungamaji. Wakati wake wakuu wa dola na baadhi ya maaskofu, wakitafuta umoja, walitaka ifundishwe kwamba Kristo alikuwa na nia moja tu, ile ya kimungu. Kwa masikio ya wengi lilikuwa jambo dogo la wasomi. Maksimo alikataa. Alisema ukimnyima Yesu nia ya kibinadamu, maombi ya Gethsemane yanakosa maana. Aliyesema “si kama nitakavyo mimi, bali kama utakavyo wewe” alikuwa na “nitakavyo” ya kweli, nia ya mtu anayetaka kuishi na anayeogopa kifo kama kila mwenye mwili, na nia hiyo ndiyo aliyoikabidhi kwa Baba. Mwaka 662, akiwa mzee sana, Maksimo alikatwa ulimi na mkono wa kuume ili asiseme wala kuandika tena, akapelekwa uhamishoni, akafa mwaka huo huo. Mtaguso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, wa Konstantinopoli wa mwaka 680 hadi 681 ulithibitisha yale aliyoyafundisha. Mzee asiyeweza tena kusema wala kutumia mkono wake wa kulia, kwa sababu alishikilia kwamba hofu ya Yesu bustanini ilikuwa hofu ya kweli. Msimulie baba yako habari zake siku atakayokuwa na nguvu za kusikiliza.

Umeuliza upande wa pili pia: kama aliogopa na kuchoka kama sisi, kwa nini tumwabudu? Kuogopa kifo si dhambi, wala kuchoka si dhambi. Ni hali ya kiumbe mwenye mwili, na hali hiyo ndiyo aliyoitwaa. Hakuacha kuwa Mungu alipoitwaa. Hapo ndipo Ario, padre wa Aleksandria, alipojikwaa. Aliona si heshima kusema kwamba Mungu mwenyewe ndiye aliyezaliwa na kuteswa, hivyo akafundisha kuwa Mwana ni kiumbe, mkuu kuliko vyote lakini kiumbe. Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 ulimkatalia, na Athanasio, ambaye mara tano aliondolewa kwenye kiti chake cha uaskofu akapelekwa uhamishoni, aliutetea ukiri huo karibu maisha yake yote.

Kwa nini apate taabu hivyo? Rudi kwenye swali la baba. Kama aliyekuja ni kiumbe tu, hata awe mkuu namna gani, basi Mungu mwenyewe alibaki alipokuwa, akamtuma mwingine kwenye uchungu. Jibu lako kwa baba lingekuwa: Mungu hajui lolote kuhusu kuoshwa, ila ana mjumbe anayejua. Nani atafarijika kwa hilo? Nguvu yote ya Injili iko katika kukiri kwamba aliyesema “Naona kiu” ni Mwana wa milele mwenyewe. Uungu kwa asili yake haufi; lakini aliyekufa, katika mwili alioufanya wake, si mwingine ila yeye. Kwa hoja hiyo hiyo Mtaguso wa Efeso, mwaka 431, ulimwita Mariamu Mama wa Mungu, na ule wa Kalkedonia, mwaka 451, ukamkiri Kristo mmoja, Mungu kweli na mtu kweli, bila kuchanganya wala kutenganisha. Wakopti, Wakristo wa Misri, na Waorthodoksi wa Ethiopia hawakupokea maneno ya Kalkedonia, lakini nao wanamkiri kuwa Mungu kamili na mtu kamili.

Na ukitaka kuona anavyoabudiwa mwenye jeraha, msome Tomaso. Alisema “Bwana wangu na Mungu wangu” mbele ya mikono iliyokuwa bado na alama za misumari. Ufufuo haukuzifuta. Huyo unayemwimbia ana mwili mpaka sasa, na mwili huo una makovu.

Umesema hakuzeeka, hakupooza. Hapo sitakudanganya. Injili hazisemi kwamba aliugua kiharusi, na siwezi kukuambia anakijua kwa kuwa kilimpata. Hakupitia kila ugonjwa mmoja mmoja. Alichotwaa ni ubinadamu wenyewe, mzima. Gregori wa Nazianzo, askofu wa karne ya 4, alipambana na wafuasi wa Apolinari, waliosema Yesu alikuwa na mwili wa mtu lakini hana akili ya mtu. Akawajibu kwamba kisichotwaliwa hakikuponywa. Kama angeacha nje akili yetu, hofu yetu au udhaifu wa viungo vyetu, sehemu hiyo ingebaki bila mwokozi. Basi ule upande wa kulia wa baba yako haumo katika yaliyoachwa. Kwa nini aliugua yeye, na kwa nini sasa, hilo Mungu kufanyika mtu hakulijibu, na ukisikia mtu analijibu upesi, muogope.

Ndiyo maana narudi kwa kikundi cha maombi. Yohana 9, wanafunzi walimwona kipofu wakauliza nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu akajibu: si huyu, wala wazazi wake. Waambie kwa heshima, bila ugomvi, kwamba wakitaka kuja waimbe na wakae naye, karibu sana. Wakitaka kumchunguza dhambi, wasije. Una haki ya kulinda mlango wa mgonjwa wako.

Kwa baba mwenyewe, usimhubirie ukiwa unamwosha. Saa hiyo amebanwa, hana pa kwenda. Kabla hujaanza mwambie unataka kufanya nini na umwombe ruhusa, hata kama unajua atakubali. Mfunike shuka, ufunue sehemu unayoiosha tu. Kuoshwa ni kazi ngumu kuliko kuosha. Petro alipoona Bwana ameshika beseni na taulo alisema hatakubali kamwe, na yeye ilikuwa miguu tu. Akikuonyesha mkono unyamaze, nyamaza, wala usichukulie kwamba imani yake imekwisha. Siku nyingine, akiwa safi, ameegemezwa vizuri na ametulia, msomee Yohana 19:28 mpaka 30. Mistari hiyo tu. Usifafanue. Alikusomea wewe miaka yote bila kukulazimisha kusema kitu, nawe mfanyie hivyo.

Akitaka, mwombe mchungaji wenu amletee Meza ya Bwana nyumbani. Kwanza muulize muuguzi au daktari kuhusu kumeza, maana kiharusi mara nyingi huharibu kumeza na mtu anaweza kupaliwa. Mchungaji akijua atapunguza kipande kiwe kidogo sana. Ukristo unaosema Mungu alitwaa mwili hauoni haya kumpelekea mgonjwa neema kwa njia ya kinywa chake.

Nawe ulale. Yesu aliketi kisimani kwa kuchoka na safari, na alilala chomboni dhoruba ikivuma, akiwa ameegemea mto. Hakuna anayekutaka uwe na nguvu kuliko alizokuwa nazo yeye.

Kaka zako wapigie simu wiki hii. Fedha zao zinasaidia, washukuru, lakini waambie unahitaji mikono. Mmoja aje angalau mara kwa mara ashike zamu ya kumwosha baba. Akiona wanawe wa kiume wanafanya kazi hiyo huenda ataacha kugeukia ukuta, nawe utapata saa za kulala. Wakikataa kwa kusema ni kazi ya binti, wape barua hii waisome.

Mama Mchungaji